Wimbo wa Mwanamke wa Dirishani

Edna alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimekaa kitandani nabishana na soksi. Kwa umri wangu kuvaa soksi ni kazi nzima. Ukimaliza mguu mmoja unapumzika kwanza. Akasema, "Anti, Mum ametuacha," nami nikajibu "Haya," kama mtu aliyeambiwa maziwa yameisha. Si kwamba sikumpenda Rasoa, mama yake. Nilimpenda kwa miaka hamsini na ushee. Lakini mwaka huu nimezika watu wengi mpaka ile nguo yangu nyeusi haifiki kabatini tena, ikitoka kwenye kamba inarudi mwilini. Nikampa pole, nikauliza mwili uko wapi na mazishi ni lini, maswali ambayo siku hizi yananitoka bila kuyafikiria. Mazishi yangekuwa Jumamosi, nyumbani kwao Turbo. Kisha Edna akaongeza: "Anti, kuna kitu Mum aliacha amesema. Anataka ule wimbo wako uimbwe pale kaburini. Lakini kabla uimbwe, usimame useme ulitoka wapi. Nikamwambia, Mum, si kila mtu anajua Anti aliota? Akasema, mwambie tu hivyo, ataelewa."

Nilielewa. Nilikaa na soksi moja mguuni na nyingine mkononi mpaka chai ikapoa, na mwaka ule mmoja ukanirudia wote, na ukumbi wake na harufu zake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Habari za wazazi wangu na mahali nilikozaliwa nitaziacha, maana zinafanana na za kila mtu aliyepanda kuja Eldoret kutoka magharibi kutafuta kazi. Nilipata kazi katika duka la vitambaa la Mhindi mmoja, kukunja nguo na kufagia, nikafanya urafiki na binti yake, Hansa, tuliyelingana umri. Mjomba wa Hansa alikuwa meneja wa sinema iliyokuwa hatua chache kutoka dukani, na kila Jumatano alasiri sinema hiyo ilikuwa na onyesho la kina mama peke yao. Mwanamume hakuruhusiwa kuingia ukumbini, hata wa kuwaonyesha watu viti. Kwa hiyo kila Jumatano baada ya chakula cha mchana duka lilinikopesha kwa sinema. Nilipewa tochi na koti jekundu lenye vifungo vinne, cha tano kilikuwa kimepotea kabla yangu.

Mwanamume pekee katika jengo lile siku hiyo alikuwa Mzee Wafula, mwendesha mashine ya picha, na yeye mlango wa chumba chake cha juu ulifungwa kwa komeo la nje, kwa heshima ya kina mama. Akitaka kwenda msalani aligonga ukuta mara tatu, nami nilipanda kumfungulia na kumsubiri arudi nimfungie. "Binti," alikuwa akiniambia, "mimi ndiye mfungwa wa kwanza duniani anayewaonyesha watu sinema." Chini yetu ukumbi ulikuwa umejaa kina mama wa Kihindi na watoto wao, na kina mama wa Kisomali waliokuja wanne wanne, na harufu ya mafuta ya nazi na vitafunio vya chevda vyenye pilipili ilishinda hata ile harufu kali ya maganda ya miti ya miwati iliyokuwa ikitoka katika kiwanda cha dawa ya ngozi na kukaa mjini kutwa. Taa zikizimwa walivua viatu. Walikunja miguu juu ya viti, wakapitishiana chakula gizani, wakamwambia mwigizaji mambo ambayo hangeyasikia kamwe: usiende huko, mwongo huyo, mama yako anakufa na wewe unacheza ngoma. Mimi sikujua neno moja la lugha ile. Ilichukua labda Jumatano mbili, kisha nikawa siihitaji.

Watu wale walikuwa mafundi. Nimeishi kuona televisheni, video, na sasa wajukuu wangu wanaotazama wimbo kwenye simu kwa nusu dakika wanausukuma kwa kidole, na bado sijaona tena kazi kama ile. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, lakini mwanga ulivyowekwa juu ya shavu la mwanamke ungeapa umeona rangi. Kulikuwa na mwigizaji mmoja ambaye mimi na Hansa tulimwita Jicho Moja, kwa sababu aliweza kulia kwa jicho moja na lile jingine likabaki kavu, na tulibishana kila juma ni lipi atalitumia leo. Kulikuwa na mchekeshaji mnene ambaye Mzee Wafula alimcheka kila alipoanguka, miezi yote ile, tukamsikia tukiwa chini. Lakini walionimaliza ni waimbaji. Siku moja nilimwambia Hansa kwamba yule mwigizaji mwembamba ana sauti ya ajabu, akanitazama kwa huruma. "Huyo? Huyo haimbi, Trufena. Anafungua mdomo tu. Anayeimba ni mama mwingine kabisa, amesimama studio Bombay, hata hutamwona." Nilikasirika, nikajiona nimechezewa. Jumatano iliyofuata wimbo ulipoanza nikaiacha picha, nikafumba macho nikamsikiliza yule asiyeonekana. Nilimpenda kuliko wote.

Wimbo wenyewe ulikuwa katikati ya picha iliyokaa kwetu majuma mengi. Mwanamke amevaa nguo nyeupe, ameivuta kichwani ikafunika upande mmoja wa uso, amesimama dirishani na taa ndogo mbele yake. Mume wake ameondoka. Haangalii kamera, anaangalia nje, na anaimba. Sauti inaanza chini kama mtu anayezungumza na yeye mwenyewe, inapanda ngazi tatu, inasita, na pale inaposita ndipo kina mama wote walipokuwa wakitoa leso. Nilikuwa nasimama nyuma ya pazia la mlango na tochi yangu imezimwa, nalia na watu ambao mchana walikuwa wakinituma maji bila kuniuliza jina. Nilirudi nao nyumbani kila juma, nikauimba nikikunja vitambaa, nikauimba nikiosha sufuria, bila maneno, na mwisho sikujua tena kama nauimba au unajiimba.

Kanisani hakuna aliyejua ninafanya kazi sinema. Nilisema niko kwa Wahindi, nao wakadhani ninaosha sahani, sikuwasahihisha. Sinema kwao ilikuwa nyumba ya shetani, na aliyeamini hivyo kuliko wote alikuwa Mwalimu Shadraki, mkuu wa kwaya, mtu aliyevaa tai hata akienda kuchota maji. Tulifanya mazoezi kwa Rasoa, katika chumba chake kimoja kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha miwati, ambako mume wake alikuwa akifanya kazi. Rasoa alikuwa ameolewa mwaka huohuo, mrefu, mcheshi, na sauti yake ilikuwa ndiyo kwaya. Sisi wengine tulikuwa kama ua tu la kuizunguka. Tulikaa kumi na mbili juu ya kitanda, masanduku na sakafu, naye akipika kunde za maziwa kwenye jiko la makaa mlangoni huku akituongoza kwa mwiko. Jumamosi moja Mwalimu alisema makanisa yatakutana Turbo kwa mashindano ya kwaya na kila kwaya ilete wimbo mpya. Tukakwama. Kila tulichojaribu kilikuwa kimeshaimbwa na mtu. Tulikwama Jumamosi tatu, na ya tatu, kunde zikiungua na Mwalimu ameshavua tai kwa uchovu, nikajikuta ninaimba ule wa dirishani, taratibu, nikitazama sakafu. Nilipoinua macho Rasoa alikuwa ameacha mwiko ndani ya sufuria.

"Umeutoa wapi huo?" Mwalimu akauliza.

Katika kanisa letu wimbo una njia mbili za kuja duniani. Ama umo kwenye kitabu cha wamisheni, ama mtu amepewa usingizini, na aliyepewa husimama Jumapili mbele ya wazee akaieleza ndoto yake yote, na wazee wakiikubali, wimbo unaingia. Njia ya tatu haikuwapo. Ningesema sinema, ningefukuzwa siku hiyohiyo. Lakini sitajidanganya uzeeni: hofu ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba watu kumi na mmoja walikuwa wakinitazama, na hakuna aliyewahi kunitazama hivyo. Nikasema, "Niliota."

Jumapili nikasimamishwa nieleze ndoto. Sikuwa na ndoto, kwa hiyo nikaeleza nilichokiona. Nikasema nilimwona mwanamke wa nguo nyeupe, kitambaa kimemshuka kichwani mpaka upande mmoja wa uso, amesimama dirishani na taa, anaimba akitazama nje kana kwamba kuna mtu wake anayerudi. Mzee mmoja akaanza kulia nikiwa bado naieleza ile taa. Mwingine akasema huyo ni Kanisa likimngoja Bwana. Wakakubali. Rasoa akatunga maneno nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, wimbo wa mtu aliyechoka njiani anayeomba kupokewa, na ndani ya mwezi mmoja kina mama wakashona sare mpya kwa kufuata maelezo yangu: gauni jeupe, na kitambaa cheupe kirefu kilichovutwa kichwani kikafunika shavu la kushoto. Sikuwa na nguvu ya kuwazuia. Tukashinda Turbo. Kuanzia hapo ukawa wimbo wa mazishi, ukavuka makanisa, ukafika mpaka kambi za mashambani huko Kaptagat, na mimi nikaitwa Mama wa Ndoto kabla sijafika miaka ishirini.

Wa kwanza kunishika alikuwa Hansa. Tulipita mbele ya duka kwa maandamano siku ya mkutano wa injili, naye alikuwa mlangoni na utepe wa kupimia shingoni. Nilimwona anasikiliza, nikaona uso unabadilika. Kesho yake alicheka mpaka akakaa juu ya marobota. "Na nguo pia!" alikuwa akisema, akijipangusa macho. "Wimbo sawa, lakini hata nguo, Trufena! Hata upande wa uso!" Kisha akasema mama yake huuimba akifikiri hakuna mtu nyumbani. Akaniapia hatasema. Sikuogopa mdomo wake. Nilichoogopa ni kwamba sasa nilikuwa na mtu wa kucheka naye juu ya jambo ambalo wengine walikuwa wakililia.

Mwishoni mwa mwaka ile picha ilirudishwa, nami nikafanya kosa kubwa kuliko la kwanza. Nilimpeleka Rasoa. Nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu na ile siri, na nilidhani atacheka kama Hansa. Nilimwambia tunakwenda kusaidia usafi, nikamkalisha nyuma kabisa karibu na mlango, nikampa karanga nilizopewa na Hansa. Alifurahi mno. Alimtukana yule mume mwongo kwa Kiluhya, mama wa mbele akageuka akamuunga mkono kwa Kigujarati. Kisha dirisha likaja. Mwanamke akavuta kitambaa kichwani, taa ikawaka, na Rasoa akanishika mkono kabla sauti haijaanza, maana alishaiona sare yake. Hakuniachia mpaka wimbo ukaisha. Karanga zilimwagika zote. Kina mama walipotoka alibaki amekaa, na ilibidi nizime taa za upande ule ndipo akainuka.

Tulisimama kwenye daraja la mto Sosiani, jua bado liko juu, watu wakipita na baiskeli. Njiani nilikuwa nimemweleza kwamba yule mwanamke wa kwenye picha haimbi.

"Mwezi uliopita tuliuimba kwenye mazishi ya mtoto wa Dorika," akasema.

"Najua."

"Dorika aliniambia huo wimbo ndio ulimshika asiingie kaburini na mtoto. Mimi ndiye niliuimba. Utaenda kumwambia nini?"

"Sitamwambia kitu."

"Basi usimwambie mtu yeyote. Hata Mwalimu. Watu wameshaweka wafu wao ndani ya huo wimbo, Trufena, huwezi kuwatoa." Akavuta pumzi. "Lakini mimi siwezi kuuimba nikijua. Nitaonekana kama yule wa kwenye picha. Nafungua mdomo tu."

Jumapili iliyofuata alisema koo linauma. Koo lile liliuma miaka hamsini, kwa wimbo mmoja tu. Nyimbo nyingine zote aliimba, alifundisha watoto, aliimba harusi za wajukuu. Huo ukianza alikuwa anainamisha kichwa, kitambaa kinamfunika shavu, na mtu mwingine anachukua nafasi yake. Watu walisema Rasoa ana uchungu sana na marehemu, hawezi. Nami? Niliacha sinema baada ya miezi michache, nikaolewa, nikafanya kazi ya ukarani mpaka kustaafu, nikazeeka. Kila mazishi nilipewa kiti cha mbele na paja la kuku kwa ajili ya ndoto yangu. Ningeweza kusema. Mwalimu alikufa, wazee wote walioikubali ndoto wakafa, sinema yenyewe ikageuzwa duka la magodoro. Sikusema kwa sababu nilikipenda kile kiti. Hilo ndilo neno la kweli na sina jingine.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mazishi, nikaenda kwa Hansa. Sasa ni mjane, magoti yake ni mabaya kama yangu, na bado anakaa dukani akimsumbua mwanawe kuhusu bei. Nilimkosa dukani, nikaambiwa yuko kwenye ukumbi wa jumuiya yao. Walikuwa na shughuli ya kuwakumbuka wasanii wa zamani wa sinema ya Kihindi. Picha zao zilipangwa mezani, kila moja na shada la maua ya manjano: Jicho Moja akiwa kijana, yule mnene wa kuanguka, yule mwembamba wa dirishani. Kando kabisa kulikuwa na mwanamke mfupi wa miwani, amesimama mbele ya maikrofoni na karatasi mkononi, wa kawaida kabisa, ungempita sokoni. Hansa alisema, "Ndiye huyo." Nilikuwa sijawahi kuuona uso wake. Nilisimama mbele ya ile picha muda mrefu, nikaona aibu kuliko niliyoiona kanisani. Kanisa nililiambia uongo. Yeye nilimchukulia sauti yake, nikampa malaika.

"Niandikie majina," nikamwambia Hansa. "La kwake, la aliyetunga muziki, na la aliyetunga maneno."

"Sasa ndiyo unataka? Miaka hamsini?" Lakini akaandika, kwa herufi kubwa, kila jina na mstari wake. "Wote wamekufa, Trufena. Hakuna mtu atakushtaki." Kisha akauliza, "Mazishi ni saa ngapi? Huyo ndiye alimwaga karanga zangu. Nakuja."

Jumamosi Turbo kulikuwa na tope na mahema matatu. Hansa alikuja na mwanawe, amevaa nyeupe kama desturi yao ilivyo msibani, na ncha ya sari ameivuta kichwani. Nilisikia kikongwe mmoja nyuma yangu akiuliza kama huyo si yule wa ndoto. Kijana aliyeshika maikrofoni na programu alikuwa na haraka, mvua ilikuwa inatisha upande wa Webuye. Akasema, "Sasa tumpe Mama wa Ndoto dakika tatu, kisha kwaya." Nikasimama. Nilikuwa nimeandika mengi, nikayaacha. Nilisema sikuota. Nilisema niliusikia sinema, mahali nilipokuwa nafanya kazi, na mwanamke niliyewaeleza alikuwa mwigizaji, na sare ni ya kwake. Nilisoma yale majina matatu, nikayasoma vibaya, Hansa akanisahihisha kwa sauti akiwa kwenye kiti chake. Nilisema Rasoa alijua, na ndiyo sababu hakuuimba tena, na hakusema kwa ajili ya Dorika. Nikamtafuta Dorika kwa macho. Alikuwa safu ya pili, amekuwa mdogo sana, fimbo katikati ya magoti.

Watu walinitazama kama wanavyomtazama mzee aliyezidiwa na msiba. Dorika akainua mkono kidogo, kama anayeomba chumvi.

"Mimi nilijua haukutoka mbinguni," akasema. "Mbinguni nani analia hivyo? Huo ulitoka kwa mtu aliyefiwa. Ndiyo maana ulinishika."

"Asante sana Mama," akasema yule kijana, akitazama saa. "Kwaya, karibuni."

Dakika tatu hazikuwa zimeisha. Kwaya ikasimama, wote vijana, vitambaa vyao vyeupe vimefunika shavu la kushoto, hawajui kwa nini. Nilikuwa na hasira, na si kwa mtu yeyote aliyekuwa pale. Rasoa alifunga mdomo miaka hamsini asimuumize Dorika, na Dorika alikuwa anajua, na yote hayo yangesemwa kwa dakika chache kabla mvua haijanyesha. Rasoa angeuimba. Angeuimba akimzika mume wake, angeuimba akimzika dada yake, kila mara ningemsikia. Yule msichana wa kuanzisha alinitazama akingoja ishara, kama wanavyofanya siku zote kwa heshima. Nikatikisa kichwa kumzuia, nikasogea kwenye jeneza, nikauanzisha mwenyewe kwa sauti yangu iliyochakaa, chini kwanza, kama mtu anayezungumza na yeye mwenyewe. Pale unaposita nilisita, nikamwachia Rasoa nafasi yake.